Namna ya Kuchagua Mabegi na Masanduku ya Safari Ndefu ya Pikipiki

Wengi wanaojiandaa kwa safari ndefu ya pikipiki huanza na begi. Mtu huona picha ya pikipiki iliyobeba masanduku matatu ya alumini, akaipenda, akanunua masanduku kama yale, kisha akarudi nyumbani kutafuta vitu vya kuyajaza. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti. Kwanza vinaamuliwa vitu vyenyewe, kisha uwezo wa pikipiki, kisha aina ya njia itakayopitwa, na begi linakuja baada ya hayo yote. Anayefuata mpangilio huu hujikuta akinunua begi dogo kuliko alilokuwa amelitamani, na pikipiki yake hubaki inageuka na kufunga breki vizuri hata ikiwa na mzigo.

Hatua ya 1: Tandika shuka, panga vitu, kisha pima

Tandika shuka sakafuni na uweke juu yake kila kitu unachokusudia kwenda nacho: nguo, koti na suruali ya mvua, viatu vya jioni, hema na mfuko wa kulalia kama utalala nje, zana, vifaa vya kuziba pancha, kisanduku cha huduma ya kwanza, chaja, na maji ya kunywa. Usiache kitu kando kwa kusema kwamba ni kidogo, kwa kuwa vitu vidogo ndivyo vinavyojaza mabegi.

Kisha vigawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo vikikosekana safari inakwama, kama vile zana, dawa na vifaa vya pancha. Fungu la pili ni la vitu utakavyovitumia kila siku. La tatu ni la vitu ulivyoviweka kwa sababu ya neno «huenda»: huenda kukawa na baridi kali, huenda nikahitaji viatu vingine. Fungu hilo la tatu ndilo la kupunguza bila huruma. Upande wa nguo, naamini kwa dhati kwamba nguo za siku tatu zinatosha safari ya wiki moja na zinatosha safari ya miezi mitatu, kwa kuwa zote mbili zinahitaji kufua.

Baada ya kupunguza, pima. Panda kwenye mizani ya nyumbani ukiwa umebeba vitu vyako ndani ya mfuko, kisha teremka, uweke mfuko chini, upande tena mikono mitupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa mzigo. Ili kupata ujazo, panga vitu ndani ya boksi la kawaida la karatasi ngumu, pima urefu, upana na kimo chake kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 lina lita 36, ambazo ni takribani ujazo wa sanduku moja la pembeni. Andika namba hizo mbili, kilo na lita, kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani.

Hatua ya 2: Jua pikipiki yako inaruhusiwa kubeba kiasi gani

Kila pikipiki ina uzito wa juu uliowekwa na kiwanda, unaojumlisha pikipiki yenyewe, mafuta, watu na mzigo wote. Namba hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye kibati kilichobandikwa kwenye fremu. Toa uzito wa pikipiki ikiwa imejaa mafuta na vimiminika vyake vyote, na kinachobaki ndicho chako. Angalia vizuri kama uzito uliotajwa kwenye kitabu umehesabu mafuta au la, kwa sababu lita moja ya petroli ina takribani kilo 0.75, na tangi la lita 20 likijaa linaongeza kilo 15.

Tuchukue mfano. Pikipiki ina kikomo cha kilo 430 na uzito wake ikiwa tayari kwa safari ni kilo 230, kwa hiyo zimebaki kilo 200. Mwendeshaji pamoja na helmeti, buti na koti lake ana kilo 92; zimebaki 108. Abiria na mavazi yake ana kilo 73, zimebaki 35. Masanduku mawili ya alumini pamoja na keria yake yanaweza kufika kilo 15 yakiwa matupu, na sanduku la nyuma pamoja na sahani yake kilo 7 hivi. Kilichosalia kwa ajili ya nguo, zana, hema na maji ya watu wawili ni kilo 13. Pikipiki hiyo ina lita zaidi ya mia moja za nafasi na haina ruhusa ya kuzijaza. Mabegi laini pamoja na vishikizo vyake yangeweza kuokoa kilo 10 au zaidi katika hesabu hiyohiyo, na kwa wasafiri wawili kilo 10 ni jambo kubwa.

Kikomo cha pikipiki nzima hakimalizi maneno. Keria ina kikomo chake, na kila sanduku lina chake. Kwa sanduku la pembeni mara nyingi ni karibu kilo 10, na kwa la nyuma huwa chini ya hapo, pengine kilo 5 tu. Kinachofuatwa ni kikomo kilicho kidogo kuliko vyote. Vilevile watengenezaji wengi huweka mwendo wa juu kwa pikipiki iliyofungwa masanduku, kwa kawaida kilomita 120 au 130 kwa saa, kwa kuwa upepo unaopita pembeni mwa masanduku mapana unaweza kuifanya pikipiki iyumbe. Maelezo hayo huwa yamebandikwa ndani ya mfuniko, na inasikitisha kuona jinsi yasivyosomwa.

Hatua ya 3: Tazama njia, ndipo uchague kati ya gumu na laini

Masanduku magumu ni ya alumini au ya plastiki. Yana kufuli, hayachanwi kwa kisu, hukaa umbo lake, hupakiwa na kupakuliwa haraka, na yakiwa chini yanatumika kama kiti au meza ya kupikia. Kwa safari ya barabara za lami, ambapo pikipiki itaachwa mbele ya nyumba za wageni na nje ya maduka, naona masanduku magumu yana faida ambayo mabegi laini hayawezi kuifikia. Ya plastiki ni mepesi kidogo na yakigongwa kidogo hurudi umbo lake, ila yakigongwa sana hupasuka. Ya alumini hubonyea, na mara nyingi yanaweza kugongwagongwa kwa nyundo yakafunga tena, lakini mfuniko uliopinda hauzibi maji kama mwanzo. Alumini isiyopakwa kitu kwa ndani huacha weusi kwenye nguo zinazosuguana nayo, kwa hiyo lazima nguo ziwe ndani ya mfuko.

Udhaifu wa masanduku magumu unaonekana pale lami inapokwisha. Kwanza ni uzito. Pili, pikipiki ikianguka, nguvu ya pigo inapita kwenye sanduku, ikaenda kwenye keria, ikaishia kwenye fremu ya nyuma inayobeba kiti. Sanduku linaweza kubaki zima huku fremu ikipinda. Tatu, na hili ndilo ningependa lisomwe kwa utulivu, ni usalama wa mguu. Kwenye mchanga au tope mwendeshaji hutoa miguu na kuikanyagisha chini ili asiangushwe, na wakati huo pikipiki inaendelea kwenda mbele. Mguu unabaki nyuma, na kona ya mbele ya sanduku inakuja na kuugonga kwenye kigimbi. Mimi liliwahi kunipata nikiwa kwenye mwendo ambao mtembea kwa miguu angenipita. Nilikanyaga mchanga, mguu ukazama hadi kwenye kifundo, nikasikia kona ya sanduku ikisukuma kigimbi changu huku kidole cha buti kikiwa bado kimekwama. Buti refu ndilo lililoniokoa na mvunjiko, lakini nilichechemea kwa wiki nzima. Mwendo ukiwa mkubwa zaidi, jambo hilohilo huvunja mfupa.

Mabegi laini ya turubai au kitambaa kizito husogea yakigongwa. Pikipiki ikilala, begi hubonyezwa na kuwa kama mto kati ya ardhi na mwili wa pikipiki, na mguu ulionaswa chini yake unaweza kuchomolewa. Ni membamba, ni mepesi, na yakichanika hushonwa kwa sindano na uzi. Kwa njia za vumbi, changarawe na mchanga, uamuzi wangu ni mmoja: chukua laini. Kasoro zake ni kwamba hayana kufuli ya maana, hupakiwa polepole, hukusanya vumbi kwenye bizimu na zipu, na yanaweza kuyeyuka yakigusa bomba la moshi. Kuhusu wizi, mkanda wa waya wa chuma unaopitishwa kwenye pete za begi na kufungwa kwa kufuli ndogo humzuia mwizi wa kupita, ila mwenye kisu na muda hazuiliki, na ndiyo maana pasipoti, fedha na simu vinakaa mwilini mwa msafiri daima.

Wapo wanaochanganya, mabegi laini pembeni na sanduku dogo gumu nyuma lenye kufuli kwa ajili ya kamera na kompyuta. Mchanganyiko huo nauona ni wa busara kwa safari yenye njia za kila aina, mradi sanduku la nyuma libaki dogo kweli, kwa sababu inayofuata.

Hatua ya 4: Amua uzito ukae wapi

Kilo tano zilizowekwa chini, karibu na miguu ya mwendeshaji, na kilo tano zilizowekwa juu nyuma ya taa ya nyuma hazifanani hata kidogo. Kilichowekwa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma hufanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa pembea: kinashusha nyuma na kuinua mbele. Chukua pikipiki ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni sentimita 150. Weka kilo 12 kwenye sanduku la nyuma ambalo kitovu chake kiko sentimita 50 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tairi la mbele linapungukiwa kilo 4, na tairi la nyuma linaongezewa kilo 16. Usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inapeperuka kwenye upepo wa malori, na kwenye mwendo mkubwa inaweza kuanza kutikisika mkiani.

Kwa hiyo panga mzigo kwa utaratibu huu. Vizito vyote, yaani zana, maji, tyubu na kufuli, vikae chini na mbele ya mabegi ya pembeni, karibu na mwili wa pikipiki. Vya uzito wa kati vikae juu yake. Nyuma viende vyepesi vyenye ujazo, kama mfuko wa kulalia na nguo. Pande mbili za pembeni zilingane kwa uzito. Nimezoea kuzipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza na sikubali tofauti izidi kilo moja. Kumbuka kwamba kwenye pikipiki nyingi upande wa bomba la moshi una begi dogo zaidi, na hapo vitu vizito vyenye ujazo mdogo, kama zana, ndivyo vinavyosaidia kusawazisha.

Begi la juu ya tangi ni dogo lakini liko mahali pazuri kuliko mengine yote, karibu kabisa na kitovu cha uzito, na linafikika bila kushuka. Linafaa kamera, glavu za akiba, ramani na miwani. Kabla ya kununua, liweke juu ya tangi, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, na utazame kama linabonyeza kitufe cha honi au linazuia usukani kugeuka. Kisha kaa kitini na uhakikishe unaona mita zote. Mabegi ya sumaku hushika tangi la chuma tu. Kwenye tangi la alumini au lililofunikwa plastiki utahitaji la mikanda au la pete inayofungwa kwenye mdomo wa tangi. Sumaku pia huharibu kadi za benki zenye mstari wa sumaku na huchanganya dira ya simu. Futa tangi kila unapolirudisha begi, kwa sababu vumbi lililonaswa chini yake huikwangua rangi kama msasa.

Begi la mgongoni lisihesabiwe kama sehemu ya mzigo. Mabega huchoka ndani ya saa chache, na kitu kigumu kilichomo, hata kama ni kufuli tu, mwendeshaji akianguka hugeuka kuwa jiwe kati ya ardhi na uti wa mgongo. Mfuko wa maji wenye mrija wa kunywea unakubalika.

Hatua ya 5: Kagua keria na vifungio kuliko unavyokagua begi

Begi zuri juu ya keria mbovu litaanguka pamoja na keria yake. Keria ya masanduku magumu inapaswa kuwa ya bomba la chuma, ifungwe kwenye fremu mahali pasipopungua patatu kila upande, na iwe na chuma cha kuunganisha pande mbili kwa nyuma ili zisipanuke na kubana kila pikipiki inapopita shimo. Chuma kikipasuka, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea atakiunga. Alumini inahitaji vifaa na ujuzi ambavyo havipatikani kila mahali. Chukua sanduku, lifunge kwenye keria dukani, kisha lishike kwa mikono miwili na ulitikise kwa nguvu juu na chini. Mchezo wa milimita mbili hapo dukani utakuwa mlio usiokoma kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, na baada ya mlio huja kulika kwa chuma, na baada ya kulika huja kukatika.

Mabegi laini yanayorushwa juu ya kiti yanaweza kufungwa bila keria, lakini lazima kuwe na kitu kinachoyazuia yasiingie kwenye tairi wala kugusa bomba la moshi, hata shokomzoba ikiwa imeshuka hadi mwisho. Njia ya kuhakikisha ni kuyafunga, kumwomba mwenzako akalie kiti cha nyuma kwa uzito wake wote, na wewe kuchuchumaa kutazama nafasi iliyobaki. Kama begi liko karibu na bomba la moshi kuliko upana wa kiganja, tafuta bati la kukinga joto.

Kuhusu mikanda, chagua ile ya utepe mpana yenye bizimu inayobana. Kamba za mpira zenye ndoano za chuma zisitumike hata kwa mzigo mdogo: zikifyatuka hupiga jicho, na zikichomoka njiani ndoano huweza kujisokota kwenye spoku au kwenye mnyororo. Ncha ya mkanda inayoning'inia ni hatari ileile. Siku moja nilisimama kujaza mafuta nikakuta ncha ya mkanda wangu, yenye urefu kama wa kiganja, imelainika na kugandamana na bomba la moshi, nyeusi na ngumu kama gundi iliyokauka. Ingekuwa upande wa pili, mnyororo ungeivuta na begi lingeifuata. Tangu siku hiyo kila ncha naikunja na kuifunga kwa kipande cha utepe wa kunata kabla ya kuwasha injini, na mkanda ambao jua limeufubaza hadi ukawa na unyoya naubadilisha bila kusubiri ukatike.

Hatua ya 6: Usiamini neno «haipitishi maji» bila kuuliza linafanyikaje

Mvua inayomnyeshea mtu anayekwenda kilomita 90 kwa saa huja kama maji ya bomba yenye presha, na hutafuta kila tundu la sindano. Kuna njia tatu za kuizuia. Ya kwanza ni begi ambalo mishono yake imeunganishwa kwa joto na mdomo wake unakunjwa. Hili ndilo ninaloliamini, kwa masharti kwamba mdomo unakunjwa mara tatu au zaidi kabla ya kufungwa bizimu. Toa hewa kwa kulilalia begi kwa kifua, sawazisha kingo mbili za mdomo zisiwe na mkunjo wa pembeni, kunja, kunja, kunja, kisha funga. Ukilibonyeza sasa linapaswa kukataa, kama mpira uliojazwa upepo. Likilegea polepole chini ya kiganja, kuna tundu au mkunjo mbaya. Hii ina maana pia kwamba begi lililojazwa hadi juu haliwezi kukunjwa mara tatu, na begi la lita 40 ni la lita 30 na kitu tu ukitaka likae kavu.

Njia ya pili ni begi la kitambaa lenye mfuko wa ndani usiopitisha maji. Ni imara dhidi ya miiba na kukwaruzwa, na mfuko wa ndani ukitoboka hubadilishwa peke yake. Kasoro ni kwamba kitambaa cha nje hunywa maji na kuongeza uzito, na matope yanabaki nacho. Ya tatu ni begi lenye zipu linalofunikwa kwa koti lake la mvua. Hilo ni la safari za mji hadi mji. Upepo huliinua koti, na msafiri aliyechoka husahau kulivika mpaka mvua imeshaingia.

Ukitazama lebo utakuta PVC au TPU, ambazo ni aina mbili za plastiki: PVC hukakamaa kwenye baridi na hupasuka kwenye mikunjo baada ya miaka, ilhali TPU hubaki laini na huvumilia kusuguliwa, na bei yake huwa juu zaidi. Namba ya denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, hivyo kitambaa cha denia 1,000 kina uzi mzito kuliko cha denia 500, na kwa mabegi ya pembeni yatakayogusa ardhi 1,000 ni kiwango kizuri. Mahali palipoandikwa IPX, ambacho ni kipimo cha kuzuia maji, namba inayofuata ndiyo yenye habari: 4 ni mchirizo na marusho ya maji tu, 6 ni maji yenye nguvu kutoka pande zote, na 7 ni kuzamishwa kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Na ujaribu mwenyewe nyumbani: weka gazeti ndani ya begi, funga, limwagie maji kwa mpira wa bustani dakika kumi, fungua, ushike gazeti.

Jambo dogo ambalo hupuuzwa ni rangi ya ndani. Begi jeusi ndani, usiku, chini ya tochi, humeza kila kitu. Chagua lenye bitana ya rangi ya njano, chungwa au kijivu hafifu.

Hatua ya 7: Sasa chagua ukubwa

Kwa msafiri mmoja anayelala nyumba za wageni, lita 40 hadi 60 kwa jumla zinatosha. Akibeba hema na vifaa vya kupikia, lita 70 hadi 80. Wawili wenye hema watahitaji zaidi ya hapo, na watalazimika kurudi kwenye hesabu ya hatua ya 2. Linganisha na lita ulizoziandika na uongeze sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji, chakula na nguo zilizolowa. Zaidi ya hapo usiongeze, kwa sababu nafasi tupu haikai tupu. Kisha pima upana wa pikipiki ikiwa imefungwa mabegi. Upana ukizidi ule wa usukani, unapaswa kujua unazidi kwa sentimita ngapi, kwa kuwa macho huhukumu nafasi kati ya magari mawili kwa kuutazama usukani.

Hatua ya 8: Irekebishe pikipiki ifuate mzigo

Mzigo ukifungwa, nyuma inashuka, na mambo matatu yanaharibika pamoja: usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inakaribia ardhi kwenye kona, na taa ya mbele inawapiga machoni wanaokuja. Kaza springi ya shokomzoba ya nyuma. Kipimo chake kinapatikana hivi: inua tairi la nyuma lisiguse chini, pima kutoka ekseli hadi alama moja kwenye mwili wa pikipiki juu yake, kisha ishushe, pakia mzigo wote, ukae kitini na mavazi yako, na mwenzako apime tena. Tofauti iwe takribani theluthi moja ya mwendo wote wa kupanda na kushuka wa tairi la nyuma uliotajwa kwenye kitabu. Springi ikikazwa hadi mwisho na tofauti bado ni kubwa, ama mzigo umezidi ama springi ni dhaifu, na la kwanza ndilo rahisi kulirekebisha.

Ongeza upepo wa matairi kwa kiwango ambacho kitabu kimetaja kwa pikipiki yenye mzigo, upime tairi likiwa baridi. Angalia mnyororo tena baada ya kupakia, maana kushuka kwa nyuma hubadilisha mkazo wake. Ishushe taa ya mbele.

Hatua ya 9: Safari ya majaribio

Wiki mbili kabla ya kuondoka, ili kubaki na muda wa kubadilisha kitu, pakia kila kitu kama siku yenyewe na uendeshe kilomita 100 hivi. Tafuta sehemu tupu ufunge breki kwa nguvu mara kadhaa, upite kipande cha barabara mbovu, ugeuze pikipiki mahali pembamba, na uisimamishe kwa stendi ya pembeni kwenye mteremko mdogo. Ukirudi, laza pikipiki taratibu kwa msaada wa mwenzako juu ya nyasi au godoro kuukuu, kisha jaribu kuinyanyua ukiwa peke yako na mzigo ukiwa juu yake. Usipoweza, jifunze mapema ni begi gani linachomolewa kwanza na linachukua dakika ngapi, kwa sababu huko njiani utalazimika kulichomoa petroli ikidondoka.

Shika spana na ukaze kila bolti ya keria baada ya majaribio hayo, maana chuma kipya hukaa mahali pake kwa mtikisiko na bolti hulegea. Zipake gundi ya nyuzi za bolti, uzichore mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye bolti na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, bolti imezunguka, na utaiona asubuhi kwa kuinama mara moja tu kabla ya kuvaa helmeti.